Aliyeupima upepo kabla ya kuupanda

Mwaka 1894 ulikuwa na wanaume wawili waliotaka kuruka, na ukiwaweka kando kwa kando unaona njia mbili za kufikiri. Wa kwanza ni Hiram Maxim, tajiri aliyejipatia jina kwa bunduki ya mtombo iliyobeba jina lake. Huko Kent, Uingereza, alijenga dude la zaidi ya tani tatu, lenye injini mbili za mvuke na mabawa yenye upana wa mita zaidi ya 30, likakaa juu ya reli. Tarehe 31 Julai mwaka huo akalichochea moto likakimbia, likainuka, likavunja reli ya juu iliyowekwa kulizuia lisiende arijojo, na likasimama likiwa limeharibika. Maxim alikuwa ametumia maelfu ya pauni. Alithibitisha kwamba injini yenye nguvu inaweza kuinua mzigo mzito, na kuhusu namna ya kuwa rubani hakujifunza chochote. Wa pili ni Otto Lilienthal, mhandisi mwenye kiwanda kidogo jijini Berlin. Mwaka huohuo alijengewa kilima cha udongo huko Lichterfelde, nje kidogo ya mji, kwa taka za kiwanda cha matofali, kimo chake mita 15. Kileleni aliweka kibanda cha kutunzia chombo chake chenye uzito wa kilo 20 hivi, fito na kitambaa cha pamba tu. Akawa anapanda, anaukabili upepo, anakimbia na kuruka, anatua bondeni, anabeba chombo begani, anapanda tena.

Makala haya yanashikilia kwamba huyu wa pili ndiye aliyeigeuza ndoto ya kuruka ikawa kazi ya kihandisi, na kwamba deni la wanadamu kwake ni kubwa kuliko inavyosemwa tunapoishia kuwataja ndugu wawili Wright na sekunde zao 12 za tarehe 17 Desemba 1903. Sisemi hivyo ili kuwapunguzia hadhi Wilbur na Orville. Walichokifanya siku hiyo huko Kitty Hawk, Marekani, hakina mfano: ndege iliyobeba mtu, iliyokuwa na injini, iliyoongozwa na rubani wake, ikatua pale pale chini ikiwa nzima. Ninachosema ni kwamba swali la nani alikuwa wa kwanza linatupofusha tusione swali lenye uzito zaidi, yaani nani aliyeacha kazi yake katika hali ambayo mtu mwingine, katika nchi nyingine, aliweza kuichukua, kuikagua, kuikosoa na kuiendeleza. Kwa swali hilo jina la Lilienthal linatangulia, ingawa alikufa miaka saba kabla ya Kitty Hawk na hakuwahi kuruka kwa injini.

Alizaliwa tarehe 23 Mei 1848 katika mji wa Anklam, Pomerania, eneo la nyanda na mabwawa kaskazini mwa Ujerumani. Mdogo wake Gustav alizaliwa mwaka uliofuata, na wawili hao walishirikiana tangu utoto mpaka mwisho. Baba yao alifariki 1861, mama akawalea katika hali ya kubana matumizi. Kila majira ya kiangazi mabwawa ya Anklam yalijaa korongo weupe, nao ndio waliokuwa walimu wa kwanza wa Otto. Ndege hao si wageni kwetu. Baridi ikikaribia huko kwao hufuata bonde la Nile mpaka Afrika Mashariki na kusini zaidi, na anayetembea Serengeti kati ya Novemba na Machi huwakuta wakiokota panzi. Wazungu wenyewe walichelewa kujua korongo hao wanakokwenda, mpaka mwaka 1822 karibu na Klütz, jimbo la Mecklenburg linalopakana na Pomerania, korongo mmoja alipigwa risasi akakutwa na mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni. Mwili wake uliokaushwa ungali unahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Lilienthal aliwatazama ndege hawa kwa jicho la mtu anayetafuta sababu. Aliona kwamba korongo anaporuka kutoka ardhini huukabili upepo badala ya kuukimbia, na kwamba akishafika juu anaweza kwenda mbali bila kupiga bawa hata mara moja. Baadaye, akiwa mtu mzima mwenye kiwanda, alifuga makinda ya korongo nyumbani Lichterfelde ili ayaone kwa karibu yanavyojifunza kupaa.

Lakini watu wamewatazama ndege tangu dunia iumbwe, na kutazama peke yake hakujamrusha mtu. Lilienthal aliwazidi wengine pale alipokataa kuamini macho yake mpaka yathibitishwe na mizani. Baada ya masomo ya uhandisi Berlin na utumishi katika vita vya Ujerumani na Ufaransa, yeye na Gustav walijenga mtambo wa kupimia: mhimili uliosimama wima, na juu yake mkono mrefu wa kuzunguka ambao kipenyo cha mzunguko wake kilifika mita 7. Mkono huo ulizungushwa na vizito vilivyoachiwa vishuke taratibu. Ncha zake zilifungwa vipande vya mbao, vingine bapa, vingine vyenye mpindo, na ndugu hao wakapima kila kipande kinainuliwa kwa nguvu kiasi gani na kinavutwa nyuma kwa nguvu kiasi gani, kwa kila pembe na kwa kasi mbalimbali. Ni kazi ya kuchosha, isiyo na shangwe, inayotaka mtu arudie jambo moja mara mia na kuandika namba pembeni. Wakati huo wasomi wengi waliamini kwamba hewa huinua bawa kama inavyousukuma ubao bapa ulioinamishwa, na kwa hesabu hiyo mwanadamu alihitaji nguvu kubwa mno ili apae. Mtambo wa Lilienthal ulionyesha vingine. Bawa lenye mgongo uliopinda kidogo, likikutana na upepo kwa pembe ndogo, huinuliwa kwa nguvu kubwa zaidi sana kuliko ubao bapa wa ukubwa uleule, na ukinzani wake ni mdogo.

Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1889 katika kitabu kilichoeleza kuruka kwa ndege kama msingi wa ufundi wa kuruka. Alikigharamia mwenyewe, na wanunuzi walikuwa wachache. Hata hivyo ndani yake mlikuwa na kitu ambacho hakikuwahi kuwekwa mezani kwa ukamilifu ule: michoro na namba za kuonyesha jinsi nguvu ya kuinua na nguvu ya ukinzani zinavyobadilika pamoja pembe ya bawa inapobadilika. Mchoro wa aina ile bado unatumiwa na wanaosanifu mabawa hadi leo. Mwingereza Horatio Phillips alikuwa amekwisha kupima mabawa yaliyopinda na kupata hataza mwaka 1884, kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba wazo la mpindo lilizaliwa Berlin peke yake. Tofauti iko kwenye utaratibu. Phillips alitoa maumbo, Lilienthal akatoa namba na njia aliyozipatia, ili msomaji mwenye mashaka ajenge mtambo wake na kupima upya.

Tangu 1891 akahamishia majaribio kwenye mwili wake mwenyewe. Huko Derwitz, karibu na Potsdam, aliruka kutoka kwenye mwinuko mdogo akaenda mita 25 hivi. Miaka miwili baadaye alikuwa kwenye vilima vya Rhinow, na hatimaye safari zake zikafika mita 250. Alitengeneza vyombo vya aina zipatazo 18, vingine vya bawa moja, vingine vya mabawa mawili yaliyopandana kama ghorofa. Chombo alichokiuza zaidi kilikuwa na upana wa mita 6.7 na eneo la mraba wa mita 13 hivi. Fito zake zilitokea kitovuni kama vidole na ziliweza kukunjwa ili kipite mlangoni. Rubani alipitisha mikono kwenye pete zenye mito, akashika mti kwa viganja, na kuanzia kifuani kwenda chini alining'inia hewani. Chombo kikiinama kushoto, alirusha miguu kulia. Pua ikipanda, aliirusha mbele. Inakadiriwa kwamba aliruka mara 2,000 kwa miaka mitano. Wilbur Wright, akiwahutubia wahandisi wa Chicago Septemba 1901, alipiga hesabu kwamba muda wote huo Lilienthal alikuwa hewani kwa saa tano tu kwa jumla, na akaona la kustaajabisha ni kwamba aliweza kujifunza mengi kwa muda mfupi kiasi kile.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya hoja yangu. Wengi waliokuwa na fedha na majina makubwa kuliko yake walianza na injini. Clément Ader wa Ufaransa alipachika injini ya mvuke kwenye chombo kilichofanana na popo, na Oktoba 1890 kikaruka kimo cha chini kwa umbali wa mita 50 hivi bila rubani kuwa na uwezo wa kukiongoza. Maxim tumekwisha kumwona. Samuel Langley, mkuu wa taasisi ya Smithsonian mjini Washington, alipewa dola 50,000 na Wizara ya Vita ya Marekani. Chombo chake kikatumbukia mto Potomac tarehe 7 Oktoba 1903, na tena tarehe 8 Desemba, siku tisa tu kabla ya Kitty Hawk. Wote hawa walifikiri kwamba tatizo ni nguvu, na ukishapata nguvu mengine yatajipa. Lilienthal, ambaye kwa kazi yake ya kila siku alikuwa mtengenezaji wa boila na injini ndogo za mvuke, na kwa hiyo ndiye aliyekuwa na kila sababu ya kuanza na injini, aliiweka kando kwa makusudi. Alisema kwa matendo yake kwamba mtu ajifunze kwanza kukaa hewani. Ndugu Wright walifuata njia hiyohiyo: miaka mitatu ya vyombo visivyo na injini, 1900, 1901 na 1902, ndipo wakafunga injini. Hawakuificha asili ya njia hiyo. Habari za kifo cha Lilienthal mwaka 1896 ndizo zilizowaamshia upya hamu ya jambo hili.

Na kazi yake haikufungiwa kabatini. Upigaji picha ulikuwa umepata vioo vya haraka vinavyoweza kukamata kitu kinachokwenda mbio, na Lilienthal aliwaalika wapiga picha kilimani. Zaidi ya picha 100 zimebaki. Zilichapishwa magazetini, likiwamo McClure's la Marekani mwaka 1894, na kwa mara ya kwanza watu wa mbali waliona binadamu akiwa hewani juu ya mabawa. Kabla ya hapo aliyesema ameruka alihitaji kuaminiwa kwa neno lake. Vyombo vyake aliviuza kwa yeyote aliyetaka kujifunza. Nikolai Zhukovsky, profesa wa Moscow ambaye baadaye aliweka msingi wa elimu ya anga nchini Urusi, alikwenda kumwona akarudi na chombo kimoja. Percy Pilcher wa Uingereza alikwenda Berlin 1895, akajaribu kuruka pale kilimani, akanunua chombo, na akaendelea kujenga vya kwake. Alikufa kwa ajali mwaka 1899 akiwa amekwisha tengeneza ndege yenye injini ambayo hakupata kuijaribu. Octave Chanute, mhandisi wa madaraja na reli wa Chicago, alisambaza habari za Lilienthal Marekani nzima, na kwa mkono wa Chanute zikawafikia Wright.

Sasa tuje kwenye pingamizi, maana zipo na nyingine ni nzito. Ya kwanza ni ile inayorudiwa mara nyingi kwamba majedwali ya Lilienthal yalikuwa na makosa, na kwamba Wright walifanikiwa baada ya kuyatupa. Mwanzo wa dai hili ni wa kweli. Chombo chao cha 1901 kiliinuliwa kwa nguvu ndogo sana, kiasi cha theluthi moja tu ya walivyokuwa wamekokotoa, na walirudi kwao Dayton wakiwa wamevunjika moyo na kuyashuku majedwali ya Berlin. Wakatengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa mita 1.8, wakaweka feni upande mmoja, na ndani yake wakapachika mizani waliyoiunda kwa vipande vya msumeno wa chuma na spoku za baiskeli. Katika majuma ya mwisho wa mwaka huo walipima vibawa vidogo vya chuma vya maumbo mbalimbali vinavyokaribia 200. Walichokiona kiliwashangaza. Kwa bawa la umbo lile alilolipima yeye, namba za Lilienthal zilikuwa karibu sana na ukweli. Kosa kubwa lilikuwa kwenye namba nyingine waliyoizidishia katika kanuni yao, namba iliyokuwa ikitumika tangu zama za mhandisi John Smeaton na vinu vya upepo vya Uingereza katika karne ya 18. Ilikuwa 0.005, na ilipasa kuwa karibu na 0.0033. Juu ya hayo, mabawa yao yalikuwa mafupi na mapana kuliko lile la majedwali, na mpindo wake ulikuwa tofauti.

Yafaa tukae kidogo kwenye tukio hili, kwa sababu linathibitisha zaidi ya linavyopinga. Ili Wright wagundue kwamba kuna kosa, walihitaji kuwa na namba za mtu mwingine za kulinganisha na upepo wa Kitty Hawk. Majedwali yangekuwa yamefichwa, wasingekuwa na cha kushuku, na sanduku lile la Dayton lisingejengwa. Jedwali lililoandikwa wazi lina faida hata linapoleta utata, kwa sababu anayelitumia anajua aanzie wapi kutafuta. Huwezi kufanya hivyo na Ader, aliyefanya kazi chini ya siri ya jeshi. Huwezi kufanya hivyo na mtu anayesema tu kwamba aliruka. Wilbur mwenyewe, katika makala iliyochapishwa mwaka 1912 baada ya kifo chake, aliwapima watangulizi wote wa karne ya 19 na kumweka Lilienthal juu ya wote bila kusita. Huyu ndiye mtu aliyeyakagua majedwali yale kuliko mwanadamu mwingine yeyote wa wakati wake, na ushahidi wake una uzito kuliko wa waandishi waliokuja baadaye.

Pingamizi ya pili inahusu mabawa ya kupiga. Lilienthal aliamini kwamba injini ikija itapigisha ncha za mabawa kama afanyavyo ndege, na alitengeneza vyombo viwili vya namna hiyo vyenye injini ndogo ya gesi ya kaboni. Hapa alikosea, na sioni haja ya kumtetea. Heshima yake kwa korongo ilipita kiasi. Ndege wa asili hutumia bawa lilelile kwa kuinuka na kwa kusonga kwa sababu mwili hauwezi kuota parafujo inayozunguka, na mhandisi hakulazimika kukubali mpaka huo. George Cayley wa Uingereza alikwisha kulitenganisha jambo hili tangu 1799, alipochora chombo chenye bawa tuli la kuinua na kifaa kingine cha kusukuma. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo Cayley ndiye astahiliye sifa ninazompa Lilienthal. Nakubali kwamba Cayley aliona mbali kuliko yeyote katika kizazi chake, na kwamba mwaka 1853 chombo chake kilimvusha mtumishi wake juu ya bonde huko Yorkshire. Lakini safari ile ilikuwa ya mara moja. Haikurudiwa, haikupimwa, na haikumzaa mwanafunzi. Miaka 40 ilipita na mtu aliyetaka kujifunza kuruka hakuwa na kilima cha kwenda wala chombo cha kununua.

Pingamizi ya tatu ndiyo chungu: njia yake ilimuua. Jumapili tarehe 9 Agosti 1896 alikuwa kwenye kilima cha Gollenberg, karibu na kijiji cha Stölln. Siku ilikuwa ya jua, na hewa iliyopashwa moto na ardhi ilikuwa ikipanda kwa vipindi. Katika mojawapo ya safari zake upepo wa kupanda ulikiinua chombo pua ikaelekea juu, kikasimama hewani. Alirusha miguu mbele kama alivyozoea, safari hii bila mafanikio. Bawa lililopoteza mwendo halina tena cha kuliinua, na chombo kilianguka kutoka kimo cha mita 15 hivi. Uti wa shingo ulivunjika. Fundi wake Paul Beylich alimpeleka kijijini, kisha akasafirishwa kwa treni hadi Berlin, ambako alifariki jioni ya tarehe 10 katika kliniki ya daktari bingwa wa upasuaji Ernst von Bergmann. Alikuwa na miaka 48, ameacha mjane, Agnes, na watoto wanne.

Wakosoaji wanasema kuongoza chombo kwa kurusha miguu ilikuwa njia ya kifo tangu mwanzo, na wana ushahidi. Kikosi cha Chanute kilikijaribu chombo cha aina ya Lilienthal kwenye matuta ya mchanga ya ziwa Michigan katika majira yaleyale ya 1896, na kiliona ni kigumu kukimudu, kikaachwa. Mwili unaoning'inia kwa mabega una mwendo mdogo. Hauwezi kushindana na upepo wa ghafla, na bawa likiwa kubwa zaidi uwezo huo unazidi kupungua. Wright walilielewa hili vyema, ndiyo maana walibuni njia ya kusokota ncha za mabawa ili rubani aongoze kwa kamba badala ya uzito wa mwili wake. Huo ndio mchango wao mkuu, nami naungama kwamba Lilienthal hakuufikia. Ila tusivuke hapo tukadai kwamba alikuwa mchezaji wa bahati nasibu aliyekuwa akiisubiri siku yake. Mtu aliyeruka mara 2,000 akiongeza kimo kidogo kidogo, aliyejijengea kilima cha duara ili aweze kuukabili upepo kutoka upande wowote, aliyepachika mbele ya chombo upinde wa fito wa kupokea kishindo, na upinde huo ukamwokoa katika anguko la 1894, hakuwa mzembe. La kusikitisha ni kwamba siku ya Gollenberg upinde ule haukuwapo kwenye chombo.

Kuna wanaotaka kumfanya mtakatifu wa elimu ya bure, na hilo nalo halimfai. Alipata hataza ya chombo chake Ujerumani mwaka 1893 na Marekani mwaka 1895, na kila nakala aliyoiuza aliitoza mark 500. Alikuwa mfanyabiashara, na mwenye kiwanda wa namna yake: kuanzia 1890 aliwagawia wafanyakazi robo ya faida, jambo lililokuwa geni Berlin ya wakati ule. Kinachonipendeza ni mpangilio wa mambo. Namba zilitangulia, zikachapishwa miaka minne kabla ya hataza, na hataza ikalinda chombo bila kufunga maarifa. Linganisha na yaliyotokea Marekani baada ya 1906, ambapo Wright waliitumia hataza yao kumshitaki mtengenezaji wa ndege Glenn Curtiss na wengine kwa miaka mingi, hadi serikali ilipolazimika kuwakusanya wote katika mkataba wa pamoja mwaka 1917 kwa sababu nchi ilikuwa inaingia vitani na utengenezaji wa ndege umedumaa.

Vita vyenyewe ndivyo vilivyolisaliti tumaini lake kubwa. Katika barua aliyomwandikia mwanamageuzi wa Kijerumani Moritz von Egidy mwanzoni mwa 1894, Lilienthal alieleza imani kwamba watu wakiweza kuruka mipaka ya nchi itapoteza maana, ngome hazitakuwa na kazi, na mataifa yatalazimika kutafuta namna nyingine ya kumaliza ugomvi. Bara letu lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuona kinyume chake. Novemba 1911 rubani wa Italia alidondosha mabomu kwa mkono karibu na Tripoli, Libya. Julai 1915, miaka 19 tu baada ya Gollenberg, ndege za Waingereza zilipaa kutoka kisiwa cha Mafia zikawa zinazielekeza shabaha manowari Severn na Mersey mpaka meli ya Kijerumani Königsberg ikaangamia ndani ya delta ya Rufiji. Aliyetarajia mabawa yalete amani alikosea vibaya, na mtu anayemsifu, kama mimi, hana budi kuliandika hilo pamoja na mengine. Lakini kosa la kuwaamini wanadamu kupita kiasi ni tofauti na kosa la hesabu, na halipunguzi chochote kwenye majedwali.

Kuhusu hesabu na chombo, jibu limepatikana katika zama zetu. Mwaka 2016 Kituo cha Anga cha Ujerumani, DLR, kwa kushirikiana na Makumbusho ya Otto Lilienthal ya Anklam, kilitumia nakala kamili ya kile chombo cha mita 6.7, iliyojengwa kwa fito na kitambaa kama ya awali, kikaiweka ndani ya handaki la upepo na kuipima kama inavyopimwa ndege ya kisasa. Iligundulika kwamba chombo kile kilikuwa tulivu hewani na hakikuwa na kasoro ya usanifu ya kumpeleka rubani wake kaburini. Waandishi wa vitabu vya shule wanaopanga sura ya usafiri wa anga wana kila haki ya kuweka picha ya Kitty Hawk. Nawaomba waweke kurasa chache kabla yake mchoro wa mwaka 1889, wenye pembe za bawa upande mmoja na nguvu za hewa upande wa pili, na jina la aliyeuchora chini yake.